Ukitapeliwa Uingereza, unalipwa faida ipi?

Mtu ameuziwa duka London kwa uongo. Muuzaji alimwonyesha hesabu zilizopikwa na kumwapia kwamba duka linaingiza faida ya pauni 3,000 kila mwezi. Mwaka haujaisha mnunuzi ana madeni shingoni, na uongo umefichuka. Peleka kisa cha namna hii kwenye kundi lolote la WhatsApp la Waswahili wa ughaibuni uone ubishi wake. Wako watakaosema adai zile pauni 3,000 za kila mwezi, maana ndizo alizoahidiwa. Wengine watasema faida ambayo hujaitia mfukoni ni ndoto tu, arudishiwe hela zake amshukuru Mungu.

Kwa sheria ya Uingereza, wote hao wamekosa. Faida iliyopotea inadaiwa, na inalipwa, katika kesi ya utapeli. Ila faida yenyewe ni ile ambayo mnunuzi angeipata kwingine kama asingedanganywa. Ile aliyotajiwa na tapeli haimo. Watu wamepoteza kesi kwa kuchanganya hizo mbili, na hata majaji wamewahi kuzichanganya, kama tutakavyoona. (Ninaposema Uingereza hapa nakusudia England na Wales. Scotland ina sheria yake.)

Tuanze na maneno. Fidia ni fedha ambazo mahakama inaamuru aliyekosa amlipe aliyeumia ili kuziba hasara. Kumwadhibu mkosaji ni kazi ya mahakama ya jinai, na huo ni mkondo wake peke yake; polisi wanaweza wasifungue jalada kabisa na bado ukashinda kesi ya madai. Faida iliyopotea ni fedha ambazo hukuwahi kuzishika, lakini ungezishika kama si kitendo cha yule unayemshitaki.

Neno la tatu ndilo lenye mtego: utapeli. Mitaani kila aliyetuangusha ni tapeli. Mahakamani mlango ni mwembamba zaidi, na uliwekwa fremu mwaka 1889 na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, katika kesi ya Derry dhidi ya Peek. Kampuni ya tramu ya Plymouth iliwatangazia wawekezaji kwamba ina haki ya kuendesha tramu zake kwa mvuke badala ya farasi. Haki hiyo ilitegemea kibali cha serikali, kibali kikanyimwa, kampuni ikafilisika. Mwekezaji aliyepoteza fedha aliwashitaki wakurugenzi akashindwa, kwa sababu wakurugenzi walikuwa wakiamini kwa dhati kwamba kibali kitatoka. Malodi walisema mtu ni tapeli akitamka jambo la uongo huku akijua ni la uongo, au bila kuliamini, au bila kujali kabisa kama ni la kweli au la uongo. Mzembe hayumo. Anayeamini upuuzi kwa moyo mweupe naye hayumo.

Ahadi nazo zinawachanganya watu. Kushindwa kutimiza ulichoahidi hakukufanyi tapeli. Lakini ukiahidi huku moyoni huna nia yoyote ya kutimiza, umesema uongo kuhusu nia yako, na nia ni jambo halisi kama mengine. Jaji Bowen alilieleza hilo mwaka 1885 kwa namna ambayo wanafunzi wa sheria hawaisahau: hali ya akili ya mtu ni jambo la hakika sawasawa na hali ya tumbo lake. Kinachosumbua ni kuithibitisha.

Sasa tuje kwenye kipimo cha fidia. Chukua msafiri aliyefika stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, anakwenda Tanga. Mpigadebe anamwambia basi hili ni la moja kwa moja, saa sita mchana mko Tanga, huku akijua fika kwamba gari ni bovu na litalala Chalinze. Likalala Chalinze. Ukitaka kumfidia msafiri huyu unaweza kuuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: angekuwa wapi kama maneno ya mpigadebe yangekuwa kweli? Angekuwa Tanga saa sita. La pili: angekuwa wapi kama asingedanganywa? Angekuwa bado amesimama stendi, nauli mfukoni, mabasi mengine yamejipanga mbele yake, na pengine angepanda mojawapo la kawaida tu na kufika saa tisa.

Swali la kwanza ni la sheria ya mikataba. Mtu akikuahidi jambo ndani ya mkataba kisha akalivunja, mahakama inakusukuma mbele hadi pale ambapo ungefika ahadi ingetimizwa. Swali la pili ni la utapeli. Mahakama inakurudisha nyuma, hadi ile saa kabla hujaongopewa, halafu inajiuliza ungefanya nini na fedha zako na muda wako. Lile basi la saa tisa ndilo faida iliyopotea tunayoizungumzia.

Tarakimu zitaonyesha tofauti. Umelipa pauni 50,000 kununua biashara. Kama maneno ya muuzaji yangekuwa kweli, ingekuwa na thamani ya 70,000. Ukweli ni kwamba ina thamani ya 30,000. Ukishitaki kwa mkataba, pengo ni 40,000, yaani kutoka 30,000 hadi 70,000. Ukishitaki kwa utapeli, pengo la kuanzia ni 20,000, kwa kuwa ulitoa 50,000 ukapokea kitu cha 30,000. Haraka haraka mtu atasema basi mkataba una faida zaidi. Subiri. Tuseme ulikuwa umenunua kwa bei ya kurushwa tangu mwanzo, kiasi kwamba hata muuzaji angekuwa mkweli biashara ingekuwa na thamani ya 40,000 tu. Hapo mkataba unakupa 10,000, na utapeli bado unakupa 20,000. Zaidi ya hapo, pengo la thamani ni mwanzo tu wa hesabu ya utapeli. Juu yake zinaongezwa hasara nyingine zote zilizotokana moja kwa moja na kuingizwa kwenye biashara hiyo, na humo ndimo faida iliyopotea inamokaa.

Kesi iliyonyoosha kipimo hiki ni ya Doyle dhidi ya Olby, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1969. Doyle aliona tangazo la duka la vifaa vya chuma lililoko Epsom, kusini mwa London. Alilipa pauni 4,500 kwa pango na jina la biashara, na nyingine 5,000 kwa bidhaa zilizokuwamo. Aliambiwa wateja wote wanakuja wenyewe dukani. Kumbe nusu ya mauzo ililetwa na mtu wa kampuni aliyekuwa akizunguka kutafuta oda, na mtu huyo hakuwa sehemu ya kilichouzwa. Doyle akajikuta na nusu ya duka na mkopo mzima.

Jaji wa kwanza alimpa pauni 1,500, kiasi kinachokaribia gharama ya kuajiri mtu wa kuzunguka kutafuta hizo oda. Kwa maneno mengine alikuwa anajaribu kuufanya uongo uwe kweli, nacho ni kipimo cha mkataba. Lord Denning na wenzake wakakitupilia mbali. Wakasema aliyetapeliwa hulipwa hasara zote zilizotiririka moja kwa moja kutoka kwenye udanganyifu, na tapeli hana mdomo wa kusema kwamba hakuweza kuziona hasara hizo zikija. Fidia ikapanda hadi 5,500.

Hilo la kuona hasara ikija lina uzito kuliko linavyosikika. Katika mikataba, tangu kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, mdaiwa halipi hasara ambayo haikuwa ya kawaida na ambayo hakuwa na sababu ya kuifikiria wakati wa kukubaliana. Kinu cha Gloucester kilivunjika mtaimbo, wasafirishaji wakauchelewesha njiani ukipelekwa kuchongewa mwingine, kinu kikasimama. Mwenye kinu alinyimwa faida ya siku zile za kusimama kwa sababu wasafirishaji hawakuwa na namna ya kujua kwamba hana mtaimbo wa akiba. Tapeli hana kinga hiyo. Hasara ikiwa imetokana moja kwa moja na uongo wake, analipa hata kama ni ya ajabu.

Mfano mkubwa wa ukali huo ni kesi ya Smith New Court, iliyofika Baraza la Malodi na kuamuliwa mwaka 1996. Kampuni hiyo ilinunua hisa zaidi ya milioni 28 za kampuni ya Ferranti mwezi Julai 1989, kwa senti 82 na robo kila moja, baada ya kudanganywa kwamba kuna wanunuzi wengine wanaoshindania hisa hizo. Bei ya sokoni siku ile ilikuwa kama senti 78, kwa hiyo mdaiwa alijitetea kwamba hasara ni zile senti chache za tofauti. Lakini ndani ya Ferranti kulikuwa na utapeli mwingine mkubwa, wa watu wengine kabisa, ambao sokoni hakuna aliyeujua. Ulipolipuka hisa zikaporomoka. Smith New Court walikuwa wamezinunua ili wazishike kwa muda na hawakuweza kuzitua kirahisi, wakaishia kuziuza kwa nusu ya walichotoa. Malodi wakasema mdaiwa alipe kwa kipimo cha fedha iliyotoka dhidi ya iliyorudi, zaidi ya pauni milioni 10. Kwamba poromoko lilisababishwa na utapeli wa mtu wa tatu hakukumwokoa. Aliyekusukuma shimoni kwa uongo anabeba na yale uliyoyakuta humo.

Hadi hapa tumezungumzia hasara za kutoa. Faida iliyopotea ni hasara ya kukosa, na kesi yake mama inatoka saluni.

Mwaka 1979 mwanamume aliyekuwa msusi mwenye jina kubwa mjini Bournemouth, mmiliki wa saluni mbili, aliuza moja kwa pauni 20,000. Wanunuzi walikuwa na wasiwasi wa maana kabisa: wateja si watamfuata mwenyewe kwenye saluni ile nyingine? Akawaambia hana mpango wa kufanya kazi pale, labda kwa dharura. Wakaamini, wakanunua. Akaendelea kufanya kazi kwenye saluni ile ya pili kama kawaida, na wateja wakamfuata. Wanunuzi walihangaika miaka kadhaa, wakajaribu kuiuza bila mafanikio, mwishowe wakaiachia kwa pauni 7,500. Hii ndiyo kesi ya East dhidi ya Maurer, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1990 na kuchapishwa kwenye ripoti za 1991.

Kuhusu uongo hapakuwa na ubishi mkubwa kwenye rufani. Ubishi ulikuwa faida. Jaji wa kwanza aliwapa pauni 15,000 kwa faida waliyoikosa, akiitazama biashara ile ile waliyouziwa na kukadiria ingeingiza nini kama mwuzaji angekaa mbali na wateja wake. Mahakama ya Rufani ikasema hapo umeteleza. Hayo ni mahesabu ya mkataba: unahesabu kana kwamba msusi yule alitunza neno lake. Swali sahihi ni kwamba wanunuzi hawa, kama wangeambiwa ukweli, wasingenunua saluni hii. Wangekuwa na pauni 20,000 mkononi na wangenunua saluni nyingine ya aina hiyo eneo lile lile. Hiyo nyingine ingewaingizia nini, kwa ujuzi wao, kwa wateja wa kawaida, pamoja na hatari za kawaida za biashara? Jaji Beldam akaishusha faida hadi pauni 10,000. Fidia yote ikatoka 33,328 ikawa 28,328. Bado walirudishiwa tofauti ya bei, gharama za kununua na kuuza, na hasara za kuendesha.

Kushuka kutoka 15,000 hadi 10,000 si pesa ya kutisha, na sidhani kama kesi hii ingekumbukwa kwa kiasi chake. Inakumbukwa kwa mambo mawili. Iliondoa dhana kwamba kwenye utapeli unadai ulichotoa tu na faida ni marufuku. Papo hapo ikafunga mlango wa kudai faida ya hadithi ya tapeli.

Kuna wasomaji watakaouona msimamo huo kama huruma kwa mwizi: amedanganya kwamba biashara ina faida kubwa, kwa nini asilipe kwa kiwango alichokitaja yeye mwenyewe? Mimi naona mahakama iko sahihi. Kiwango alichotaja ni sehemu ya uongo. Ukikifanya kuwa kipimo, basi kadiri uongo unavyokuwa mkubwa ndivyo dai linavyonona, na aliyeahidiwa asilimia 40 kwa mwezi kwenye mpango wa upatu angekwenda mahakamani kudai utajiri ambao hakuna biashara halali duniani ingeweza kumpa. Kuna watu wanafikisha madai ya namna hiyo kwa mawakili kila mwaka, na wakili mwenye haya zake huwarudisha nyumbani.

Hata hivyo kuna njia ya kuifikia faida iliyoahidiwa. Ikiwa maneno ya muuzaji yaliingizwa kwenye mkataba kama dhamana, kwa mfano kifungu kinachosema muuzaji anathibitisha faida ya mwaka jana ilikuwa kiasi fulani, unaweza kushitaki kwa uvunjaji wa mkataba na kupimiwa kwa swali la kwanza. Ila unarudi chini ya mipaka ya Hadley. Ndiyo maana mawakili hufungua madai yote mawili sambamba, kisha huchagua lenye hesabu nzuri zaidi mwishoni. Kulipwa yote mawili kwa hasara ile ile hakuruhusiwi. Huwezi kurudishiwa mtaji wote na wakati huo huo ukalipwa faida ambayo isingepatikana bila kuutumia mtaji huo.

Swali lililofuata baada ya saluni lilikuwa gumu kidogo: vipi kama biashara uliyotapeliwa nayo ilileta faida, ila ndogo? Hasara iko wapi? Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ililijibu katika kesi ya Clef Aquitaine dhidi ya Laporte. Wasambazaji walidanganywa kuhusu bei ambazo Laporte iliwauzia wateja wake ndani ya Uingereza, wakasaini mikataba ya muda mrefu kwa bei za juu. Hawakupata hasara, walipata faida. Lakini ilithibitika kwamba bila uongo ule wangesaini na Laporte huyo huyo kwa masharti nafuu zaidi na kupata faida kubwa zaidi. Mahakama ikawapa tofauti. Kwa hiyo msemo wa kwamba «hukupoteza kitu, mbona umepata» hauvunji kesi ya utapeli.

Sasa tufike pale ambapo madai mengi hufia: ushahidi. Kusema ungefanya biashara nyingine ni rahisi. Kuonyesha ni biashara gani ndipo kazi. Katika East mahakama iliridhika na makadirio, kwa kuwa wasusi wenye pauni 20,000 wangefanya nini kingine kama si kununua saluni nyingine? Katika kesi ya 4 Eng dhidi ya Harper ya mwaka 2008 wanunuzi wa kampuni ya uhandisi walikwenda mbali zaidi. Walitaja kampuni kwa jina, Tarvail, ambayo wangeinunua badala ya ile waliyouziwa kwa uongo. Jaji aliamini kwamba wangetaka kuinunua. Lakini kuuziwa kulitegemea uamuzi wa watu wengine, wenye Tarvail. Hapo sheria ya Uingereza inagawa: yale ambayo ungeyafanya wewe unayathibitisha kwa kipimo cha kawaida cha kesi za madai, yaani kwamba yanaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa, yale ambayo yangetegemea hiari ya mtu wa tatu yanapimwa kama nafasi iliyopotea, kwa asilimia. Jaji akakadiria nafasi ya kuipata Tarvail kuwa asilimia 80, na fidia ikakatwa kwa uwiano huo.

Kesi ya Parabola, ya Mahakama ya Rufani mwaka 2010, ni ya kuvutia kwa sababu mdai alikuwa mfanyabiashara wa masoko ya hisa. Fedha zake zilichezewa kwa miezi kadhaa na mtu wa kampuni ya udalali aliyekuwa akimdanganya kwamba faida inaingia, wakati mtaji ulikuwa unateketea. Wadaiwa walidai ataje ni manunuzi gani hasa angeyafanya, siku gani, kwa bei gani. Jaji Toulson alisema hapana. Ukishathibitisha kwamba umepoteza fursa ya kufanya biashara yako, mahakama haikunyimi fidia kwa sababu tu hesabu yake haiwezi kuwa kamili. Itakadiria kadiri ushahidi unavyoruhusu. Kilichombeba mdai ni rekodi yake ya miaka ya biashara yenye faida iliyoandikwa vizuri. Na alilipwa pia kwa kipindi kilichofuata baada ya utapeli kugundulika hadi siku ya kesi, kwa sababu muda wote huo alikuwa anafanya biashara na mtaji uliopunguzwa. Asiyekuwa na rekodi kama hiyo asitegemee ukarimu kama huo. Kama ushahidi unaonyesha ungeziacha hela kwenye akaunti ya akiba, basi faida yako iliyopotea ni riba ya akaunti ya akiba.

Hoja mbili husikika sana upande wa utetezi, na inafaa kuzipitia. Ya kwanza ni «angekuwa makini angegundua». Kwenye utapeli hoja hiyo haifui dafu. Tangu kesi ya Redgrave dhidi ya Hurd ya mwaka 1881, aliyedanganywa hakatazwi haki yake kwa kuwa alipewa nafasi ya kukagua karatasi akaidharau. Mwaka 2002 Malodi walikwenda mbele zaidi, katika kesi ya benki ya Standard Chartered dhidi ya shirika la meli la Pakistan: hata kama mdai alikuwa mzembe kweli, fidia yake dhidi ya tapeli haikatwi kwa uzembe huo. Kinachohitajika ni kwamba uongo ulimshawishi, hata kama haukuwa sababu pekee.

Ya pili ina nguvu zaidi: «alipojua, mbona aliendelea?» Ukishagundua uongo, sheria inakutaka uchukue hatua za busara kupunguza hasara. Kung'ang'ania duka linalovuja kwa miaka mitatu kwa hasira tu, wakati ungeweza kuliuza, ni hasara yako mwenyewe. Wanunuzi wa saluni ya Bournemouth walisalimika hapa kwa kuwa walionyesha kwamba walijaribu kuuza na soko likawakatalia. Muda wa kushitaki nao una upole wake: kwa kawaida ni miaka 6, lakini kwa kifungu cha 32 cha Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980 hauanzi kuhesabiwa hadi umegundua utapeli au hadi ungeweza kuugundua kwa bidii ya kawaida.

Na asiyeweza kuthibitisha utapeli wenyewe? Sheria ya Upotoshaji ya mwaka 1967 inampa mlango wa pembeni. Aliyesema uongo ndiye anayetakiwa aonyeshe kwamba alikuwa na sababu za msingi za kuamini alichosema. Akishindwa, anawajibika kana kwamba alitapeli. Mwaka 1991, katika kesi ya Royscot, Mahakama ya Rufani iliyachukua maneno hayo kama yalivyo na kutumia kipimo kile kile kikali cha fidia. Wasomi wengi wameupinga uamuzi huo, na mimi ni miongoni mwa wanaouona mkali mno kwa mtu ambaye kosa lake ni uzembe, lakini haujatenguliwa.

Je, haya yanamhusu aliyetapeliwa Mombasa au Mwanza? Kenya yanamhusu kwa karibu: Sheria ya Mikataba ya huko inaelekeza kufuata sheria ya mikataba ya Uingereza, na kesi kama Derry na Doyle hutajwa na mahakama zake. Tanzania Bara lazima uangalie mara mbili. Sheria yake ya Mikataba ilirithi maneno ya sheria ya India ya mwaka 1872, na kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa hiari ambayo kipimo cha Uingereza cha utapeli hakimpi: anaweza kushikilia kwamba mkataba utekelezwe na yeye awekwe pale ambapo angekuwa kama maneno aliyoambiwa yangekuwa kweli. Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba, katika baadhi ya hali, ikiwemo udanganyifu wa kukaa kimya, mtu aliyekuwa na uwezo wa kuugundua ukweli kwa bidii ya kawaida hawezi kuuvunja mkataba. Mahakama ya London isingemuuliza hilo kabisa. Kwa hiyo mikataba mikubwa ya Dar es Salaam yenye kifungu cha kuchagua sheria ya Uingereza, nayo ipo mingi, haibadilishi ukumbi wa kesi peke yake. Inaweza kubadilisha ni faida ipi italipwa.